Mtafiti akibisha hodi, hajaja kubomoa nyumba

Kila msimu wa utafiti mitaani, malalamiko huongezeka kituoni kwetu chuo kikuu. "Wanafunzi wenu wamepiga picha nyumba yangu, tunabomolewa?" Mwingine anauliza hati yake inatoka lini.

Chuo kikuu hakibomoi nyumba wala hakitoi hati. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Sisi tunapima, tunahesabu, tunachora, kisha tunamkabidhi mwenye mamlaka ushahidi. Tumelieleza hili kwenye mikutano ya mitaa mara nyingi, na inachosha kulisikia tena kutoka kwa viongozi waliokuwepo.

Chukua mfano wa Ramani Huria, kazi ya kuchora ramani za mitaa iliyoanza mwaka 2015 Dar es Salaam. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata zinazofurika pamoja na wakazi, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba. Picha ya satelaiti inaonyesha mabati. Mtaro ulioziba nyuma ya choo anaujua anayeishi hapo. Mwanafunzi anamuuliza mama maji yalifika wapi, naye anaweka kiganja ukutani, penye alama ya tope. Mwanafunzi anavuta futi kutoka sakafuni, anaandika. Alama hizo zikikusanywa nyumba kwa nyumba, mhandisi anapata pa kuanzia anapokadiria ukubwa wa kalavati. Tunahesabu pia wakazi wa kila nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeficha wapangaji kwa kuogopa kodi anauumiza mtaa wake mwenyewe, maana vyoo na vioski vya maji hupangwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Kuhusu utaratibu. Mtafiti huanza na barua ya utambulisho ya chuo, inayopita ngazi za mkoa au wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, hadi mtendaji wa mtaa. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Omba kuiona barua, soma jina, tarehe na mhuri, linganisha na kitambulisho. Asiyenayo usimjibu, mpeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Hata mwenye barua unaweza kumkatalia, au kumsimamisha katikati ya maswali.

Majibu yako yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtu anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Lalamiko moja nalikubali bila kubisha: watafiti huchukua majibu wasirudi. Ndiyo maana sasa rasimu ya ramani tunaibandika ofisi ya mtaa kabla haijaenda halmashauri. Njooni na kalamu. Katika mtaa mmoja, mzee alisimama mbele ya karatasi, akaweka kidole kwenye mstari tuliouita njia. "Hapa hapapitwi," akasema. "Wakati wa masika, huu ni mto." Tulirudi naye, tukapima upya, tukaifuta ile njia.