Riwaya ya vita vya kiroho si ushuhuda

Kiongozi wa vijana anasimama kwenye mkesha, anamtaja pepo kwa jina, anaeleza cheo chake na mji anaoutawala. Vijana wanaandika kwenye madaftari. Jina hilo halimo katika Biblia. Limetoka kwenye riwaya. Jambo hili limejirudia mno masikioni mwangu. Ninaliandikia kwa sababu vitabu vyenyewe navipenda na nataka vijana waendelee kuvisoma.

Riwaya ya vita vya kiroho ni hadithi ya kubuni, mara nyingi yenye mhusika kijana, inayosimulia mapambano ya imani katika sehemu mbili kwa wakati mmoja: duniani watu wanajaribiwa, wanaanguka na kuomba, na katika ulimwengu usioonekana malaika na pepo wanapigana kwa ajili yao. Shina lake ni Waefeso 6:12: "Kwa maana kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama, bali ni juu ya falme na mamlaka, juu ya wakuu wa giza hili, juu ya majeshi ya pepo wabaya katika ulimwengu wa roho."

Neno la kushika hapo ni "kubuni". Anayetoa ushuhuda anasema, "Hili lilinipata," nasi tuna haki ya kumuuliza lilimpata wapi, lini, na nani alikuwepo. Anayefundisha anasema, "Maandiko yanasema hivi," nasi tunafungua Biblia tuone. Mwandishi wa riwaya hadai lolote kati ya hayo mawili. Amekaa mezani akaamua pepo wake awe na mabawa au asiwe nayo, aitwe nani, ashindwe sura ya ngapi. Kwetu mpaka huu umefifia kwa sababu vijitabu vya watu wanaosema walitoka kuzimu vilitangulia, vikapitishwa mkono kwa mkono toka fellowship moja hadi nyingine. Riwaya ilipofika, mara nyingi ikisimuliwa tu na mtu aliyeisoma, ikapokelewa kama kijitabu kingine cha aina hiyo.

Mfano ulio wazi ni riwaya ya Mmarekani Frank Peretti, This Present Darkness, ya mwaka 1986, ambayo jina lake lenyewe limetoka katika mstari ule wa Waefeso. Mji wa Ashton ameubuni. Jemadari wa malaika anaitwa Tal, mkuu wa mapepo anaitwa Rafar, na malaika hupata nguvu kadiri watakatifu wanavyoomba. Msingi wa picha hiyo upo: katika Danieli 10 mjumbe wa mbinguni anasema mkuu wa ufalme wa Uajemi alimpinga siku ishirini na moja, mpaka Mikaeli akaja kumsaidia. Lakini isome sura hiyo polepole. Danieli alikuwa akiomboleza na kujinyima chakula kizuri. Habari za pambano hilo aliambiwa baadaye. Hakumtafuta mkuu wa Uajemi, hakumtaja, hakumkemea. Peretti alijenga nyumba kubwa juu ya mistari michache, na kama msanii ana haki hiyo. Sisi hatuna haki ya kuuweka ukuta wake kati ya mawe ya msingi. Malaika watakatifu ambao Biblia inawataja kwa jina ni Mikaeli na Gabrieli; Wakatoliki na Waorthodoksi wana pia Rafaeli wa kitabu cha Tobiti. Tal hayumo.

John Bunyan alifanya kazi hii karne tatu kabla yake, katika kitabu cha 1678 ambacho kwa Kiswahili wengi wanakijua kama Safari ya Msafiri. Jina la Apolioni, adui anayemzuia msafiri njiani, alilitoa Ufunuo 9:11, lakini magamba ya samaki, mabawa ya joka na miguu ya dubu havimo katika mstari huo; ni Bunyan aliyemvika. Mkristo, ndilo jina la msafiri huyo, anapomwona anatamani kukimbia, kisha anakumbuka kwamba mgongoni hana silaha yoyote. Rudi Waefeso 6 uhesabu: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo, upanga. Cha mgongoni hakuna, na Paulo anasisitiza kusimama. Ubunifu wa namna hiyo unamrudisha msomaji kwenye Maandiko akiwa na macho mapya, na ndiyo maana nautetea.

Kinachoniuma zaidi ni pale jina la pepo wa riwayani linapogeuzwa ramani. Kijana akishafundishwa cheo na mipaka ya pepo, hatua inayofuata ni kutafuta anakaa kwa nani. Ataambiwa ni shangazi asiyepokea salamu, au jirani aliyefanikiwa haraka, au bibi. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu, wakati moshi wa miaka mingi jikoni unatosha kuyaleta. Paulo aliandika "si juu ya damu na nyama" kabla hajataja hata silaha moja kwa jina. Na riwaya zilizo bora zinalijua hilo: hata pepo akiwa wa kutisha namna gani, binadamu aliye chini yake ni mtu wa kuombewa na kukombolewa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, endelea kuwapa vijana vitabu hivi, na ukivitumia darasani badilisha sentensi moja tu. Usiseme, "Kuna pepo anaitwa Rafar." Sema, "Katika riwaya hii, mwandishi amembuni pepo akamwita Rafar," kisha wafungulie Waefeso 6 muusome mstari wa kumi na mbili kuanzia mwanzo wake.