Uwiano wa maji mwilini: maji hufuata chumvi

Kata nyanya za kachumbari, zinyunyizie chumvi, kisha nenda ukageuze samaki. Ukirudi, utakuta bakuli lina maji ambayo hukuyamimina. Yametoka ndani ya nyanya, yakaifuata chumvi iliyo nje. Ukilielewa bakuli hilo, uwiano wa maji mwilini hautakusumbua.

Mtu mzima wa kilo 70 ana maji kama lita 42, asilimia 60 hivi ya uzito wake. Mtoto mchanga hufika asilimia 75. Wengi hudhani maji hayo ni damu. Sivyo. Lita 28 hivi zimo ndani ya seli. Lita 14 zilizobaki ziko nje: nyingi zimezizunguka seli, na kama lita 3 tu ndizo majimaji ya damu, yaani plazima. Nje ya seli imetawala sodiamu, ileile ya chumvi ya mezani. Ndani imetawala potasiamu. Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi kuliko chumvi, kwa hiyo chumvi ikizidi upande mmoja, maji huhamia huko. Kuhama huko ndiko osmosisi.

Walinzi wa uwiano huu ni ubongo na figo. Figo huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, yaleyale yakipita tena na tena, karibu zote zikarudi mwilini, mkojo ukawa lita 1 au 2. Ukitokwa na jasho jingi, damu hukolea chumvi. Ubongo hutambua, hukutia kiu na kutoa homoni inayozifanya figo zirudishe maji zaidi. Ndiyo maana siku ya jua kali mkojo huwa kidogo na wa njano iliyoiva.

Kuhara huvuruga haya yote. Mtoto anayehara hapotezi maji peke yake, anapoteza pia sodiamu na potasiamu. Ukimpa maji matupu kwa wingi, sodiamu ya damu inaweza kushuka mpaka seli za ubongo zikavimba. Anachohitaji ni ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa paketi unaochanganywa na maji. Sukari iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu: kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi, yaani sukari hiyo, zikiwa pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Mlango huo hubaki wazi hata katika kipindupindu, na kwangu mimi hilo ni jambo la ajabu ambalo kila mzazi angepaswa kulijua.

Paketi iliyoandikwa lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi. Tafadhali usipunguze maji ili dawa ikolee. Chumvi na sukari zikizidi utumboni, zitayavuta maji kutoka mwilini kama zile nyanya, na kuhara kutaongezeka. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakiingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.