Gari la dizeli linajizima? Iacheni pampu mahali pake

"Fundi, nishushie pampu." Wiki iliyopita nimeisikia hiyo, ya kushusha pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye injini, mara tatu, kwa watu watatu wasiojuana. Magari yao yote ni ya dizeli, otomatiki, ya miaka ya tisini, na ugonjwa wao ni mmoja: linatembea vizuri, linazima ghafla, linakaa kidogo, linawaka tena kama halikufanya kitu. Wa tatu alitoka Moshi na Prado ya injini ya 1KZ ambayo pampu yake ilishashushwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Nilipomuuliza linazimia wapi, likiwa la moto au la baridi, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unaangukaje, akaniangalia kama nampotezea muda. "Wewe ishushe tu, fundi."

Sikuishusha. Shida ilikuwa chini ya usukani, nitaifikia.

Tuanze na hiyo pampu, maana ndiyo inayowamaliza watu pesa. Imani yenyewe inakwenda hivi: dizeli haina plagi za cheche wala koili, kwa hiyo likizima ni mafuta, na mafuta ni pampu. Nusu ya kwanza naikubali. Injini ya dizeli inataka hewa, mgandamizo na mafuta, na mgandamizo hauondoki ghafla ukarudi baada ya dakika kumi. Mafuta ndiyo yamekatika. Lakini kutoka tangini hadi kwenye nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini kuna vituo vingi, na pampu ndiyo ya mwisho kuharibika kwa mtindo wa kuja na kuondoka. Pampu inakufa kwa kulika. Chuma kilicholika hakiponi eti kwa sababu umeegesha kivulini ukanywa chai. Pampu iliyochoka inalalamika kila siku: nguvu zimepungua, moshi umebadilika, inavuja, na hasa inagoma kuwaka ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli yenye joto ni nyepesi na inapenya kwenye nafasi zilizolika humo ndani.

Hilo la moto lina kipimo chake, tena cha bure. Gari likizima na kukataa kuwaka, lowesha kitambaa kwa maji baridi, kizungushie pampu, subiri dakika chache. Likiwaka hapo, sawa, pampu tuishitaki. Na kwa 1KZ hata hapo taratibu, kwa sababu pale kwenye pampu kuna vali inayoendeshwa kwa umeme. Nayo ikipata joto inazingua, ikipoa inarudi, na inabadilishwa bila kushusha pampu nzima.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui. Pampu za injini za Toyota za 1HZ na 1KZ zinajivutia mafuta zenyewe. Tangini hakuna pampu ya umeme ya kuyasukuma. Njia yote kutoka tangini hadi kwenye pampu inanyonywa, kama soda kwa mrija. Mrija wenye tundu hauvuji soda, unavuta hewa. Ndiyo maana mtu ananiapia kwamba amekagua mpaka chini na hakuna kinachovuja. Hakitavuja! Mpira uliopasuka juu ya tangi, klipu iliyolegea, pampu ya mkono iliyo juu ya filta ambayo raba yake imekauka, vyote vinaingiza hewa bila kudondosha hata tone.

Mimi natumia kidumu. Kidumu cha lita tano chenye dizeli safi, nakifunga vizuri mbali na feni na mbali na moto wa ekzosi, nachomoa mpira wa kuingia kwenye pampu na ule wa kurudishia mafuta, nazamisha mipira mipya miwili ndani ya kidumu, kisha tunaliendesha. Mpira wa kuingilia uwe ule unaoonyesha ndani, uone mapovu. Gari lililokuwa linazima kila baada ya kilomita kumi likienda bila kuzima, pampu haina kosa. Tunarudi nyuma sasa: filta, mipira, chujio dogo lililo ndani ya tangi. Humo tangini nimeshatoa kitambaa, vipande vya gundi, na mfuniko wa chupa ya maji. Vitu kama hivyo vinaelea, vinanasa kwenye mdomo wa bomba, injini inakosa mafuta. Ukizima vinadondoka, ukiwasha gari ni zima. Mchawi hayupo. Kabla hata ya kidumu, likizima fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia fyuuu ya hewa kuingia, mfuniko haupumui, na bei ya mfuniko haifanani kabisa na bei ya pampu.

Haya yote ni kwa gari linalokufa taratibu: linakohoa, linapoteza nguvu, linajikongoja, halafu kimya. Likikatika mara moja, kama mtu amezungusha ufunguo, achana na mipira, tafuta umeme. Kweli dizeli haihitaji cheche, lakini pampu ya 1HZ ina soleno ya kuzimia, yaani vali ya umeme, inayoshikiliwa wazi na volti 12. Umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua, springi inafunga mafuta. Kwenye 1KZ kuna relei kuu (swichi inayogawa umeme), kontroli boksi (kompyuta ya injini) na sensa juu yake. Hapa dawa yangu ni balbu. Navuta waya kutoka kwenye umeme wa soleno, au kwenye umeme unaotoka kwenye relei kuu, naweka balbu ndogo pale dashibodi, namrudishia mwenye gari aende zake. Likizima, angalia balbu. Imezimika? Umeme umekatika kabla ya pampu. Inawaka? Umeme umefika, tunatafuta kwingine. Balbu moja imenipa majibu mengi kuliko mafundi pampu wawili.

Ndivyo tulivyompata yule wa Moshi. Balbu ilizimika karibu na Tengeru. Chini ya usukani kulikuwa na alamu ya zamani, mwenyewe alishasahau kwamba ipo, na waya wake wa kukata injini uliungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu. Tepu ilikwisha nguvu, barabara ya vumbi ikamaliza kazi. Alamu, vifaa vya kufuatilia gari vyenye uwezo wa kulizima, swichi za siri za kuzuia wezi: kila kimoja kimekata waya fulani na kuuunga upya. Gari linalojizima, mimi huanzia hapo, nikitoka hapo naenda vichwa vya betri na waya wa ethi (unaounganisha betri na bodi). Halafu bonge la funguo. Jamani, funguo za nyumba, duka, banda la kuku na kufuli la geti zinaning'inia kwenye swichi ya gari kwa miaka ishirini, swichi ikichoka mnashangaa?

Linalofuata ni la wenye otomatiki: "Rafiki yangu ana gari kama langu ila la manyuo, la gia za mkono, lake halizimi, kwa hiyo tatizo ni gia boksi." Huenda hilo la rafiki linazima pia, ila hajui. Kwenye manyuo magurudumu yanaendelea kuzungusha injini. Umeme ukikatika nusu sekunde utasikia gari limeshtuka, kisha linaendelea. Kwenye otomatiki ukiwa mwendo mdogo, konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, haiwezi kuizungusha injini hivyo, kwa hiyo kosa lile lile linakuwa kifo kamili. Na usijaribu kulisukuma liwake, halitawaka.

Gia boksi inahusika kwa namna moja ninayoiheshimu. Umetembea mwendo wa barabara kuu, unafika Makuyuni, unapunguza kusimama, injini inatetemeka na kuzima, kama mtu wa manyuo aliyesahau kukanyaga klachi. Ndani ya konveta kuna klachi ya kufunga, inayoishikanisha injini na gia boksi moja kwa moja, ambayo haijaachia. Safari nyingine weka N kabla hujasimama. Lisipozima, tumeipata njia. Hapo pia usikubali kuambiwa nunua gia boksi nyingine. Kwanza pima ATF, oili ya gia boksi: injini ya moto, inanguruma, gari sehemu tambarare, gia umezipitisha zote polepole na kurudi P. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, anzia hapo; soleno ya hiyo klachi inafuata.

"Nimelipiga mashine ya kusoma makosa, haikuonyesha kitu, kwa hiyo gari ni zima." Mashine inasoma kile ambacho kontroli boksi inakiona. Mpira uliopasuka haiuoni, mfuniko wa tangi haiuoni, na kwenye 1HZ ya pampu ya kawaida hakuna hata boksi la kuulizwa. 1KZ unaweza kuisoma bila mashine, kwa kuunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia na kuhesabu taa ya injini ya dashibodi inavyopepesa. Kinachoniudhi ni fundi wa kwanza kuchomoa betri "ili kuiriseti". Ameshafuta ushahidi, halafu gari linaletwa kwangu.

Plagi za kupashia moto ndizo zinazolizima? Hapana. Kazi yake ni kuwasha injini ya baridi. Injini ikishapata moto mgandamizo wenyewe unawasha dizeli, unaweza kuzing'oa waya ukaenda nazo Karatu.

"Kule juu hewa ni nyembamba, ndiyo maana linazima." Hewa ni nyembamba kweli: Arusha tuko kama mita 1,400, ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200, na injini isiyo na tabo itatoa moshi mweusi na kuchoka. Itachoka, haitajizima. Likizimia mlimani kutoka Mto wa Mbu, sababu ni kwamba mlima unadai mafuta mengi kwa wakati mmoja, na filta iliyoziba nusu inaumbuka hapo. Au tangi liko robo na mafuta yameegemea nyuma.

Mafuta yaliyochakachuliwa yapo, ingawa yamepungua tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuyawekea mafuta vinasaba (alama za kuyatambua) mwaka 2010. Maji ndiyo naogopa zaidi. Fungua koki ya chini ya filta, kinga kwenye glasi, utayaona yametulia chini.

Na likikukatalia kabisa porini, usimruhusu mwenye Landrover mwema akuvute hadi mjini ukiwa na N peke yake. Injini ikiwa imezima, pampu ya oili ya gia boksi haizunguki, na Makuyuni hadi Arusha ni kama kilomita 80 za chuma kusuguana kikavu. Kwa Prado, weka na ile gia ndogo ya foo wili kwenye N, vuteni polepole, mwendo mfupi tu, hadi pa kuegesha salama. Kaza mkono kwenye usukani na mguu kwenye breki, maana vyote vitakuwa vizito. Kisha tafuta gari la kubebea.