Betri Inayokufa Kila Siku ya Tatu: Kulisafisha Gari Lililotoka Polisi

Mzee mmoja kutoka upande wa Londiani alinijia na Land Cruiser ya pikapu iliyokuwa ya polisi. Aliinunua mnadani, akaipaka rangi nyeupe, akaanza kubebea viazi. Jua likipiga mlango kwa pembeni bado unaona kivuli cha herufi za zamani chini ya rangi. Mashtaka yalikuwa matatu: betri inakufa kila baada ya siku tatu, honi imenyamaza kabisa, na akiwasha indiketa ya kushoto, taa ya breki upande huohuo inapepesa nayo.

"Fundi, hii gari imelogwa," akasema. "Betri nimenunua mbili tangu nilipoitoa mnadani."

Nikamwambia, "Mzee, hapa hakuna mganga wa kuitwa. Kuna mtu alikata nyaya akaenda zake kula lunch."

Sikuwa natania sana. Gari la polisi likistaafu, anayevua vifaa si yule aliyevifunga. Aliyefunga alikuwa na mchoro, au angalau alikumbuka alipitisha nini wapi. Anayevua ana koleo na magari mengine manane yanamsubiri. Redio inatoka, taa za paani zinatoka, king'ora na spika yake vinatoka, vinarudi stoo. Nyaya zinabaki. Na nyaya hizo hazikupita kwenye sanduku la fyuzi la kiwandani, kwa sababu vifaa vile vinakula umeme mwingi. Zilivutwa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kwa hiyo hata ukichomoa fyuzi zote za gari, bado kuna umeme unatembea chini ya zulia.

Ndiyo maana sianzi na mita ya umeme. Naanza na tochi, nikilala chali chini ya dashibodi. Natenganisha kwa macho waya wa kiwandani na waya wa kuongezwa. Wa kiwandani kwa kawaida ni mwembamba, mara nyingi una rangi ya msingi na mstari wa rangi nyingine, na umefungwa pamoja na wenzake kwa tepu safi. Wa kuongezwa ni wa rangi moja tupu, mara nyingi mwekundu au mweusi, mnene, na unakatiza njia yake kama ng'ombe anayevuka barabara. Huyu wa mzee alikuwa na mchanganyiko kama githeri. Kwenye miguu ya abiria nilikuta waya mwekundu mnene, ncha yake imezungushiwa tepu nyeusi ambayo joto lilikuwa limeshaiyeyusha gundi. Nikaugusisha testa: taa ikawaka vizuri kabisa. Ulikuwa waya wa redio, umetoka betri hadi pale bila fyuzi yoyote njiani. Tepu ikiteleza, ncha ikigusa bodi ya gari, hiyo ni shoti ya betri nzima, na moto unaanzia chini ya miguu ya mke wa mtu. Nikautoa kwanza kabla ya kuuliza kitu kingine.

Sasa betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Injini ikinguruma, altaneta (mashine inayochaji betri) ikiwa nzima, unatarajia kati ya 13.8 na 14.4. Yake ilisoma 14.2, kwa hiyo kuchaji si tatizo. Kitu kilikuwa kinainyonya gari likiwa limelala.

Kuna mafundi wanaochomoa terminali ya hasi, wanaigusisha tena gizani, wakiona cheche wanasema "hii ina shoti." Cheche haikuambii kitu. Hata saa na kumbukumbu ya redio ya muziki vinatoa cheche. Unachotaka ni namba. Chomoa terminali ya hasi, weka mita kwenye ampea 10, ingiza mita katikati ya terminali na waya wake, umeme wote upite ndani ya mita. Usiwashe gari mita ikiwa pale, self (mota ya kuwashia injini) ya dizeli inavuta mamia ya ampea na fyuzi ya mita yako itakufa kabla hujasema "aa." Mlango ukihitaji kubaki wazi, funga komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa. Halafu subiri. Dakika ishirini au thelathini, vitu vyote vilale. Hapa ndipo vijana wangu wananichukia, kwa sababu kusubiri hakufanani na kazi.

Gari la kawaida likilala linapaswa kula chini ya ampea 0.05. La mzee lilikuwa linakula 0.9.

Piga hesabu. Ampea 0.9 kwa saa 24 ni ampea-saa 21.6. Siku tatu, karibu 65. Betri yake ilikuwa ya ampea-saa 70. Na mzee alikuwa analiendesha mara mbili tu kwa wiki, siku za soko. Betri zote mbili alizonunua zilikuwa nzima, maskini, na zote ziliuawa na hesabu hiyohiyo.

Tukachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, kijana mmoja akichomoa, mimi nikitazama mita. Hakuna kilichobadilika. Tukatoa waya mnene wa altaneta, maana diodi zake (vipande vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu) zikivuja nazo hunyonya usiku. 0.9 palepale. Hilo lilinifurahisha, kwa kuwa lilimaanisha mwizi hakuwa kwenye nyaya za kiwandani. Alikuwa kwenye zile za kuongezwa, na hizo nyingi nilishaziona kwa tochi.

Aliyempata si mimi. Asubuhi ya pili kulikuwa na baridi ile ya Nakuru ya Julai, na kijana wangu aliingiza mkono nyuma ya kiti akitafuta spana iliyoanguka. Akasema, "Boss, hapa kuna kitu kina joto."

Kilikuwa kikopo cha chuma, kimefungwa kwenye ukuta wa kebini, chenye boliti mbili kubwa na mbili ndogo. Hiyo ni solenoidi, rilei kubwa, yaani swichi inayofungwa kwa umeme, ya kuwasha vifaa vyote vya dharura kwa pamoja. Boliti kubwa zinapitisha umeme mzito. Ndogo ni za koili inayoivuta ifunge. Kawaida koili hupata umeme kupitia swichi ya ufunguo, ili ukizima gari, redio na taa za paani navyo vinazimika. Hapa mtu alikuwa ameupotosha waya mdogo wa koili, akausokota na waya wenye umeme wa kudumu. Solenoidi ilikuwa imefunga usiku na mchana, ikisubiri kuwasha king'ora ambacho kilitolewa zamani. Nilipima koili: omu 14. Gawanya volti 12.6 kwa 14, unapata 0.9. Wati kama 11 za joto, ndizo zile kijana alizozihisi kwa mkono.

Tulipoitoa, mita ikashuka hadi 0.03.

Honi nayo ilikuwa hadithi nyingine, na nadhani ndiyo inayosumbua wengi walionunua magari ya namna hii bila kujua. Kwenye gari lenye king'ora, mara nyingi kitufe cha honi kwenye usukani hukatwa njia na kupelekwa kwenye kisanduku cha king'ora. Dereva akiwa kwenye mbio hataki kutafuta swichi. Anabonyeza honi na mlio wa king'ora unabadilika. King'ora kikizimwa, kisanduku kinarudisha umeme kwenye honi ya kawaida. Sasa ondoa kisanduku. Umeondoa daraja. Kitufe kiko upande mmoja wa mto, honi iko upande wa pili.

Mzee alikuwa amenunuliwa honi mpya na fundi wa kwanza. Honi mpya, rilei mpya, na bado kimya. Mimi nilitafuta kitu kimoja tu chini ya usukani: ncha mbili za rangi ileile na mstari uleule, zimekatwa kwa koleo. Waya wa kiwandani haukatiki wenyewe ukawa na ncha iliyonyooka namna hiyo. Nilizikuta, zimeachana kwa upana wa kiganja, moja imefungwa tepu, nyingine iko uchi. Nikazilehemu kwa risasi, nikaweka mpira unaosinyaa kwa joto juu yake. Mzee akabonyeza. Kuku wa jirani walitawanyika.

Ukiona kwenye gari lako taa kubwa ya upande mmoja haiwaki kwenye fulu (mwanga mkali), au zote mbili zinafifia, tafuta mkato kama huo karibu na taa za mbele. Baadhi ya magari ya dharura hufungwa kifaa cha kupokezana taa za mbele, kushoto na kulia, na kikitolewa vibaya kinaacha jeraha lilelile.

Indiketa na breki. Hiyo ni erthi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari; nasema hivyo kabla hata ya kushuka kwenye stuli. Taa mbili zisizohusiana zikianza kuwaka pamoja, ina maana umeme umekosa njia ya kurudi na unapita kwa jirani kuomba njia. Lakini usiniamini mimi, pima. Weka ncha moja ya mita kwenye erthi ya taa ya nyuma, nyingine kwenye hasi ya betri, halafu washa taa. Njia nzuri itasoma chini ya volti 0.2. Yake ilisoma 3.8. Yaani karibu theluthi ya umeme wote ilikuwa inapotea kwenye boliti moja yenye kutu chini ya kitanda cha pikapu. Vumbi la barabara za viazi likiloa mvua ya Londiani linakuwa kama chumvi kwenye chuma. Tulikwangua hadi chuma cheupe, tukaweka ringi ya chuma yenye meno, tukapaka grisi juu baada ya kukaza. Si kabla ya kukaza, tafadhali.

Zingatia neno nililosema kwenye kupima: washa taa. Kipimo cha volti bila mzigo ni porojo. Waya wenye nyuzi thelathini ukibaki na uzi mmoja tu, mita itakusomea 12.6 bila aibu, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Tundika balbu ya breki ya wati 21 kwenye waya huohuo na utaona volti zikishuka. Ndiyo maana mfukoni nina balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili na klipu, na naithamini kuliko mita yangu ya bei ghali. Usiitumie tu kwenye nyaya za kompyuta ya gari au za mifuko ya hewa; huko ni mita peke yake.

Ikabaki taa ya paani. Mnada ulikuwa umemwachia mzee taa moja ya kuzunguka, ya zamani, yenye kioo cha buluu, imezimika. Alitaka iwake. Nikamwambia hapana. Taa za buluu na king'ora ni vya vyombo vya dharura, na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haikuachii wewe na viazi vyako nafasi hiyo. Akacheka, akasema anataka tu watu wampishe barabarani Salgaa. Nikamwambia ndiyo hasa sababu ya sheria.

Tukakubaliana kitu kingine: kijana wake ana kazi ya kuvuta magari yaliyoharibika, na taa ya rangi ya chungwa inamfaa akiwa amesimama kando ya barabara. Kwa hiyo tulitoa kioo cha buluu, tukatafuta cha chungwa kinachoingia. Balbu ya ndani ilikuwa nzima, ya wati 55, inayokula kama ampea 4.6. Mota ndiyo iliyokwama: grisi imekauka ikawa gundi, brashi za kaboni zimekwisha. Taa za kisasa za LED hazina ugonjwa huo; wao wanakufa kwa maji yanayoingia kwenye mfuniko, na ukigeuza chanya na hasi haziwaki kabisa. Kwa vyovyote vile, ijaribu mezani kwanza, betri na fyuzi ndogo, kabla ya kulaumu waya wa gari. Na waya wake mpya uanzie kwenye fyuzi, fyuzi iwe karibu na betri, si mwisho wa safari.

Tundu la antena ya redio kwenye paa nalo lilikuwa wazi. Maji yalikuwa yanashuka kwenye nguzo ya mbele hadi karibu kabisa na sanduku la fyuzi. Kifuniko cha mpira na gundi ya silikoni, dakika kumi.

Mwishoni tulikuwa na rundo la nyaya zilizotolewa, limejaa karai. Mzee alilitazama kwa muda. "Hii yote nilikuwa nabeba bure?" Kisha akaliinua, akalipima kwa mkono, akaniuliza shaba siku hizi inauzwa kilo shilingi ngapi.