Je, wajua ni nini kiliwawezesha Waajemi wa kale kutawala toka Misri hadi mto Indus?

Kuteka nchi hakukuwa jambo geni Mashariki ya Kati. Waashuru walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Koreshi wa Uajemi aliwashinda Wamedi mwaka 550 KK, akaitwaa Lidia, ufalme uliokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo, na mwaka 539 KK akaingia Babeli. Mwanawe Kambise akaongeza Misri mwaka 525 KK. Kazi ngumu ilikuwa kuzishika nchi zote hizo kwa zaidi ya miaka 200, wakati habari ikienda kwa kasi ya farasi tu.

Wengi hutaja jeshi, au jinsi Koreshi alivyoziachia dini za wengine. Hayo yamo. Lakini anayetaka kuona utawala wenyewe ukifanya kazi aanzie kwenye posho.

Mwaka 1933 wachimbuaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuta maelfu ya vibao vya udongo ndani ya ngome ya Persepolis, si mbali na mji wa Shiraz, Iran ya leo. Ni hesabu za maghala za miaka 509 hadi 493 KK, enzi ya mfalme Dario wa Kwanza, nyingi zikiwa katika Kielami, lugha ya kale ya eneo hilo. Humo hamna vita wala sifa za mfalme. Mna unga, divai, shayiri na kondoo.

Msafiri wa serikali alibeba hati yenye muhuri wa mfalme au wa liwali wa jimbo, ikitaja idadi ya watu wake, aendako na posho ya kutwa. Akifika kituoni, mtunza ghala alimpa chakula cha siku moja: mara nyingi kama lita moja na nusu ya unga kwa mtu mzima, na lita moja kwa mtumishi. Kisha udongo mbichi ulifinyangwa juu ya fundo la kamba, ukaandikwa, ukagongwa muhuri wa mtoaji na wa mpokeaji. Vibao vilikusanywa Persepolis, na makarani wakavijumlisha kwenye vibao vikubwa ili kuona kila ghala limetoa nini na limebaki na nini.

Mianya nayo iliwaziwa. Arshama, liwali wa Misri katika karne ya 5 KK, aliandika kwa Kiaramu, kwa wino juu ya ngozi, hati ya safari ya Nakhthor, msimamizi wa mali zake. Kila siku apewe vipimo viwili vya unga mweupe, vitatu vya unga wa aina nyingine, viwili vya divai au bia, na kondoo mmoja. Farasi wapewe majani. Halafu linakuja sharti: akikaa mahali pamoja zaidi ya siku moja, asipewe posho ya ziada kwa siku hizo. Mhasibu yeyote wa leo anayepitisha posho za safari anajua sharti hilo lilitokana na nini.

Usawa usiutafute. Parnaka, mkuu wa utawala pale Persepolis, aliandikiwa kwa siku kondoo 2, lita 90 hivi za divai na 180 za unga, bila shaka pamoja na watu wake. Mama aliyejifungua mtoto wa kiume alipata nyongeza mara mbili ya aliyejifungua wa kike. Ila hata Parnaka, alipobadilisha muhuri wake, ilibidi aeleze kwa maandishi kwamba ule wa zamani hautumiki tena.

Maghala hayo ndiyo yaliyozipa uhai barabara. Kutoka Sardi, mji wa Lidia, hadi Susa, mji wa mfalme wa Uajemi, kama kilomita 2,500, mwanahistoria Mgiriki Herodoto anahesabu vituo 111 na mwendo wa siku 90 kwa miguu. Matarishi wa mfalme walipokezana, farasi mpya na mpanda farasi mpya, wakaikata njia hiyo kwa siku chache tu.

Udhaifu ulikuwa kwa maliwali. Liwali mwenye kodi, askari na ghala mkononi alikuwa na kila kitu cha kuasia, na katika miaka ya 360 KK kadhaa waliasi kweli. Tena barabara haichagui wa kumbeba: Alexander wa Makedonia, aliyeiteka Uajemi, aliutumia mfumo huohuo, na alipoingia Babeli mwaka 331 KK hakuuvunja. Uliwali wa mji huo alimpa Mazaios, Mwajemi aliyekuwa amepigana dhidi yake katika vita vya Gaugamela wiki chache tu kabla.