Ekseli ya mtumba: hesabu meno na upime kabla hujalipa

Wengi wakienda kutafuta ekseli kwa wanaokata magari wanataja jina la gari na mwaka basi, muuzaji anachomoa kitu anasema hii ndo yenyewe, na kwa macho kweli unaona ndo yenyewe. Sasa gari za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na ekseli tatu nne tofauti, inategemea injini, giaboksi ni manyuo au otomatiki, ina ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) au haina, inavuta mbele tu au miguu yote. Jina la gari linakufikisha kwenye rundo tu.

Ukiweza, fungua ile mbovu uende nayo. Ukishindwa piga picha ya bamba la chasi, kwenye Toyota nyingi bamba hilo lina mstari wa A/TM, hizo ni herufi na namba za kutambulisha ekseli na giaboksi, zikilingana na za gari iliyokatwa wasiwasi mkubwa umeshaisha.

Tuanze na shafti za mbele, yaani ekseli zinazotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye tairi. Hesabu meno ya upande wa tairi na ya upande wa giaboksi, yote mawili, maana mara nyingi nje panafanana ndani panakataa. Kisha pima urefu, shafti yako mbovu na hii unayonunua zote zikiwa zimesukumwa ndani mpaka mwisho, na usisahau kwamba kushoto na kulia mara nyingi hazilingani urefu. Ikiwa ndefu, gari ikipiga shimo shafti inasukuma ndani ya giaboksi, ikiwa fupi inaweza kuchomoka ukiwa njiani. Na pale inapokaa sili (mpira wa kuzuia oili) pima unene, ukipishana kidogo tu oili ya giaboksi inavuja kila siku na watu wanabadilisha sili bila kujua tatizo ni shafti.

ABS nayo. Kama shafti yako ina ile ringi ya meno hesabu meno yake, ukifunga yenye meno tofauti kompyuta inaona tairi hilo linazunguka kwa spidi yake peke yake, taa inawaka au breki zinaanza kutetema ukikanyaga polepole. Magari mengine ringi iko ndani ya beringi hivyo usiitafute kwenye shafti.

Ekseli nzima ya nyuma yenye difu (boksi la gia la katikati linalogawa nguvu kwa tairi mbili) ndo inaumiza watu zaidi, kwa sababu ya resho. Resho ni meno ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) gawa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha), 41 kwa 10 ni 4.1. Kujua bila kufungua: shikilia habu moja (pale tairi inapofungwa) isizunguke, zungusha nyingine raundi 2 kamili huku mwenzako anahesabu raundi za pinioni, ikizunguka raundi 4 na kidogo hiyo ni 4.1, ikifika nne na nusu ni 4.5 (hii ni kwa difu ya kawaida, sio ya loku, inayofunga tairi mbili zizunguke pamoja). Ukitoa 4.1 ukaweka 4.5 kwenye gari inayosoma spidi kwenye giaboksi, dashibodi inasema 100 kumbe uko kama 91, na injini inalia zaidi. Hilo unaweza kuishi nalo. Lakini kwenye foo wili, zile zinazovuta miguu yote, mbele na nyuma lazima resho iwe moja, zikipishana matairi yanapigana kwenye lami, kwenye tope hutasikia kwa vile yanateleza, alafu siku unashangaa transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) imekufa. Hapo hakuna cha "itakubali tu", mimi naona bora gari ilale.

Vipimo vingine ni vya haraka: upana wa habu hadi habu, viti vya springi, dramu au diski, waya wa hendibreki. Rimu za nati 5 pima katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lisilopakana nalo, milimita 95 hivi ni 5x100, karibu 109 ni 5x114.3.

Kabla ya kulipa fungua nati ya oili ya difu, chembe za vumbi laini ni kawaida, ukitoa vipande vya chuma rudisha. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kwamba isipoingia inarudi, piga alama ya rangi pia maana wauzaji wanaogopa kubadilishiwa kifaa. Shafti ya mbele ikishafungwa kata usukani mpaka mwisho kushoto kisha kulia, ondoka taratibu, ukisikia ka-ka-ka joint ya nje imekwisha, irudishe siku hiyohiyo.