Kozi wa Eleonora: ndege anayesubiri kiangazi ndo atage

Kila zikikaribia likizo za mwezi wa saba na wa nane sisi tunaofuatilia ndege tunapata meseji kutoka kwa watu wetu walioko Ulaya, wanasema wanaenda Sardinia au visiwa vya Ugiriki na familia, sasa huko kuna ndege gani wa kuangalia maana kila mtu anawaambia wangeenda mwezi wa nne. Ni kweli mwezi wa nne na wa tano ndo ndege wanakuwa wengi, na mwezi wa nane ukizunguka vichakani saa sita mchana utasikia nyenze tu na jua linakuwakia kichwani. Ila kuna ndege mmoja ambaye kiangazi ndo msimu wake hasa, na kwa maoni yangu huyo peke yake anatosha kukufanya ubebe darubini. Ni kozi wa Eleonora, na niseme mapema kabisa kwamba huyu ndege sisi wa Afrika Mashariki tuna habari naye, nitafika huko.

Kwanza umjue. Ni ndege mwindaji, mwembamba, urefu kama sentimita 36 mpaka 42, lakini akifungua mabawa anakaribia mita moja, mabawa marefu yamechongoka na mkia nao mrefu. Wako wa rangi mbili ndani ya aina moja: wengi wana shavu jeupe, mstari mweusi kama sharubu na tumbo la rangi ya kutu, halafu wachache, kama mmoja kati ya wanne hivi, ni weusi weusi wa kahawia mwili mzima. Watu wakiona hao weusi wanadhani ni ndege mwingine kabisa, kumbe mara nyingine ni mume na mke kwenye kiota kimoja.

Sasa linalomfanya awe wa ajabu ni kalenda yake. Ndege karibu wote wa Ulaya wanataga kipindi cha kuchipua, wadudu wakiwa wengi, ikifika mwezi wa nane makinda yameshaota manyoya na wazazi wamechoka. Huyu anafika Mediterania mwisho wa mwezi wa nne au wa tano, afu anakaa. Miezi miwili mitatu anakula kerengende, nyenze na mbawakawa, anawakamata hewani kwa kucha na kuwala hukohuko akiruka, wala hana habari na kiota. Anataga mwisho wa mwezi wa saba au mwanzo wa wa nane, mayai mawili matatu, tena hajengi chochote, anataga kwenye kishimo au kipango cha mwamba juu ya bahari, na makinda yanaanguliwa mwisho wa mwezi wa nane.

Kwa nini anachelewa hivyo? Kwa sababu ndo wakati mamilioni ya ndege wadogo wanatoka Ulaya kuja Afrika. Wadudu wanamtosha mtu mzima ila hawatoshi kukuza makinda matatu, makinda yanataka nyama, na nyama inapita yenyewe baharini mwezi wa tisa, wale ndege wadogo wa vichakani, mbwigu, mbayuwayu, hadi hudihudi, wameruka usiku kucha juu ya maji na hawana pa kutua. Yaani maisha yote ya huyu kozi yamepangwa kuzunguka safari ya wenzake, na mimi sijui ndege mwingine Ulaya ambaye ametegemea jambo moja namna hii. Wapo wanaomwona mkatili, lakini idadi anayochukua ni ndogo sana ukilinganisha na wanaopita, na hao wadogo kinachowamaliza hasa ni kupotea kwa mazingira, mitego na bunduki.

Ukitaka kuona kazi yenyewe, uwe kwenye mwamba kabla ya jua kutoka, mwisho wa mwezi wa nane mpaka wa tisa wote. Madume yanatoka kwenye koloni, yaani pale wanapozaliana wengi pamoja, na kwenda kujipanga hewani juu ya bahari, wameukabili upepo, kila mmoja amesimama palepale mabawa yamenyooka anarekebisha ncha tu, wengine chini karibu na mawimbi wengine juu mpaka jicho tupu haliwaoni. Ni kama nyavu. Ndege mdogo akitokea, wa kwanza anamshukia, akimkosa anamfuata wa pili, wa tatu, na yule mdogo akijua anajitupa chini karibu kabisa na maji maana kozi anaogopa kugonga bahari. Aliyepata anarudi kwenye mwamba anaita, jike linatoka kumpokea, mara nyingi wanapeana hewani hapohapo mguu kwa mguu, sekunde moja imeisha. Siku ikiwa nzuri kinachobaki wanakificha kwenye mianya ya mawe wakile baadaye.

Wapi? Ugiriki ndo makao yao makuu, zaidi ya robo tatu ya kozi hawa duniani wanazaliana kwenye visiwa vyake, na Antikythera, kisiwa kidogo kati ya Krete na Peloponnese, kina koloni kubwa na kituo cha kufuatilia ndege wanaohama. Lakini kwa mtu mwenye familia na siku chache mimi namwelekeza San Pietro, kusini magharibi mwa Sardinia. Unapanda feri Portovesme au Calasetta mpaka mji wa Carloforte, afu unakatiza kisiwa kwenda upande wa magharibi Capo Sandalo, kwenye mnara wa taa. Pale miamba ya volkano inashuka wima baharini na shirika la Italia la kulinda ndege, LIPU, linatunza hifadhi yenye njia za miguu. Asubuhi jua linakuwa mgongoni kwako, ukuta wa mwamba wenyewe upo kivulini ila ndege aliyeko juu ya bahari anapigwa na mwanga vizuri mpaka sharubu unaiona, jioni inakuwa kinyume, jua machoni na ndege kivuli kitupu. Darubini ya 8x42, ile inayokuza mara nane, inatosha kabisa. Teleskopu inafaa mapema, ikishafika saa nne joto linafanya picha icheze kama maji.

Na hapohapo Sardinia ndo jina lilipotoka. Eleonora wa Arborea, dola ya zamani ya hapo Sardinia, alikuwa mtawala mwanamke, kwenye sheria zake za Carta de Logu, za mwaka 1392 hivi, aliweka katazo la kuchukua makinda ya kozi kwenye viota. Ndege mwenyewe alielezwa kisayansi mwaka 1839 akapewa jina lake. Miaka zaidi ya 600 iliyopita mtu ameshaona viota vinahitaji sheria! Wakati kwenye visiwa vya bahari ya Aegean huko Ugiriki makinda yaliendelea kuliwa mpaka karne iliyopita.

Kuhusu usumbufu naomba mnielewe vizuri. Mwezi wa nane mwamba unachemka, na jike halilalii mayai kuyapa joto tu, mchana linayakinga na jua. Ukilifukuza pale, hata kwa dakika chache, yai linaweza kupikika. Kwa hiyo boti la watalii linalosogea chini ya mwamba na muziki, mtu anayetoka kwenye njia apate picha ya karibu, na sikuhizi droni, hivyo vyote vinaua hata kama hakuna aliyegusa kiota. Droni usirushe kabisa karibu na koloni. Ukisikia ndege wengi wanapiga kelele za haraka haraka kek-kek-kek na wanazunguka juu yako, umeshasogea mno, rudi nyuma mpaka wanyamaze. Chakula usiache, panya wanafuata mabaki, na panya kwenye visiwa vidogo ni adui mkubwa wa mayai kuliko bunduki.

Mchana ukiwa umechoka na miamba, ukipita Cagliari, mji mkuu wa Sardinia, nenda kwenye mabwawa ya Molentargius ukaone heroe, wameanza kuzaliana pale mwaka 1993, karibu kabisa na maghorofa ya mji. Na keremkerem mwezi wa nane wanakusanyika makundi makundi kabla ya kuondoka, utawasikia kabla hujawaona.

Sasa la kwetu. Mwezi wa kumi makinda yakishaweza kuruka wote wanaondoka, na wanakoenda ni Madagaska. Zamani iliaminika wanafuata Bahari ya Shamu halafu pwani yetu, ila walipofungwa vifaa vya setilaiti, wakiwemo wa San Pietro, ikaonekana wanakata Sahara katikati, wanavuka misitu ya ikweta, usiku na mchana, kisha wanavuka bahari, safari ya zaidi ya kilomita 7,000. Wakirudi mwezi wa nne wengi wanapinda mashariki zaidi, upande wa Kenya na Somalia. Kwa hiyo mvua zikianza Tsavo au kaskazini mwa Tanzania na kumbikumbi wakitoka, angalia juu, kati ya makozi wanaowala hewani anaweza kuwepo huyu.

Na mlioko Oman msijione mko mbali. Visiwa vya Daymaniyat na Fahal hapo Muscat vina ndugu yake, kozi wa kijivu, naye anataga kiangazi kwa sababu ileile na anakwenda Madagaska hukohuko, tena yeye hali yake ni mbaya zaidi kidunia. Hapa kwetu wanapita wote wawili na wanachanganywa sana. Mtu mzima wa kijivu ni kijivu tupu, hana shida. Yule wa Eleonora mwangalie chini ya bawa, sehemu ya mbele ni nyeusi na manyoya ya kurukia nyuma yake yamepauka, tofauti inaonekana hata kwa mbali. Wa tatu anayepita nao, Waingereza wanamwita hobby, ni mdogo zaidi, kifua cheupe kina michirizi na mapajani ana wekundu, huyo siye. Rekodi iweke kwenye miradi ya kukusanya taarifa za ndege, yaani Kenya Bird Map, Tanzania Bird Atlas au eBird, na picha ya chini ya bawa hata kama imefifia iambatanishe, ndo inayomaliza ubishi. Usipokuwa na uhakika andika kozi tu, tarehe, mahali na kama mvua ilikuwa inanyesha, tutaitumia.